Protini za uboho huharibika kabla ya kufika kwenye mashine

SWALI: Tunachunguza protini za damu na uboho wa wagonjwa wa lukemia kali ya myeloidi, saratani ya chembe nyeupe za damu. Sampuli mbili za uboho wa mgonjwa mmoja, za siku ile ile, zimetoa majibu tofauti, tena protini nyingi zimekatika vipande. Mashine ya kupimia protini imekaguliwa, ni nzima. Tunakosea wapi?

JIBU: Anzieni kwenye sindano. Uboho hasa ni ule wa mvuto wa kwanza, mililita 1 hadi 2. Ukiendelea kuvuta, damu ya mishipani huingia na kuuzimua. Sasa, mvuto huo wa kwanza ni wa mgonjwa: unapakwa kwenye vioo vya hadubini ili ugonjwa utambuliwe, na hilo halina mjadala. Ikiwa mgonjwa ameridhia utafiti, mwombeni daktari aelekeze sindano pembeni kidogo, kupitia tundu lile lile la ngozi, awavutie mililita chache. Kila kichupa kiandikwe ni mvuto wa ngapi. Bila hivyo mtalinganisha uboho na damu iliyochanganyika na uboho, mkidhani ni kitu kimoja.

Vipande ni suala jingine. Chembe za myeloidi zina vimeng'enya vinavyokata protini, kama elastasi na kathepsini G, vilivyofungiwa ndani ya vijifuko. Mkipasua chembe, vijifuko navyo hupasuka na ukataji huanza papo hapo. Kwa hiyo vizuizi vya vimeng'enya viwemo kwenye kimiminika cha kupasulia kabla hakijagusa chembe, na kazi yote ifanyike juu ya barafu. PMSF, mojawapo ya vizuizi hivyo, itieni dakika ile ile ya kupasua: ikiwa majini, kwenye pH 7.5 na joto la chumba, hupoteza nusu ya nguvu yake kwa takriban saa moja. Ni sumu, vaeni glavu.

Mkitenganisha chembe kwa Ficoll, kimiminika kizito chenye msongamano wa 1.077 g/ml, zungusheni kwenye sentrifuji kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya uvutano) dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Breki huvuruga ule utando mweupe wa chembe mnaoutafuta.

SWALI: Kwa damu, tutumie seramu au plazma?

JIBU: Plazma ya EDTA, yaani majimaji ya damu iliyozuiwa kuganda kwa EDTA. Seramu hutoka kwenye damu iliyoganda, na damu ikiganda, chembe sahani humwaga protini zake, na wagonjwa hawa hutofautiana mno kwa idadi ya chembe hizo. Plazma ikiwa na wekundu, chembe nyekundu zimepasuka, itengeni. Iliyo safi igawanyeni maikrolita 100 kila kichupa, mgandishe kwa nyuzi 80 za Selsiasi chini ya sifuri, iyeyushwe mara moja tu.