Semi-otomatiki nyepesi ya kuwindia: ipime hivi kabla hujaingia nayo porini

Wadau wa kuwinda, hasa nyie mnaoishi huku Marekani na ndo mnanunua bunduki zenu za kwanza, naomba niliseme hili mapema. Bunduki ya kuwindia haipimwi kwa matundu matatu yaliyogusana kwenye karatasi, unapiga picha unarusha kwenye grupu la WhatsApp basi imekwisha. Semi-otomatiki nyepesi, yani bunduki inayojipakia risasi ijayo yenyewe ila triga unabonyeza kila risasi, mi naipima kwa maswali mawili: risasi ya kwanza, mtutu ukiwa wa baridi, inaenda wapi? Na ya pili inaingia yenyewe kila mara bila kukwama? Mengine yote yanafuata nyuma ya hayo.

Mimi niko Texas, nawinda zaidi nguruwe pori, na kulungu msimu ukifunguliwa mwezi wa 11. Bunduki yangu ni SFAR ya kampuni ya Ruger, inayotumia risasi za saizi ya .308, mtutu wa inchi 16. Hizi zilitoka 2022 na kilichonivuta ni uzito, ratili 6.8, yani kama kilo 3.1 kabla hujafunga kitu juu yake, na kwa semi-otomatiki ya .308 huo ni uzito mdogo kweli maana nyingi za aina ya AR-10 (mtindo wa semi-otomatiki kubwa za saizi hiyo) zinakaribia kilo 4 au zinapita. Tembea nayo asubuhi nzima kwenye miiba ya mesquite utaelewa nasema nini. Ila wepesi una gharama zake: bega linapigwa zaidi, mtutu unapata moto haraka, na skrubu yoyote uliyofunga kivivu italegea tu.

Sheria kidogo kwanza, maana hapa ndo ndugu zetu wanaweza kuumia. Texas, kama umezaliwa tarehe 2/9/1971 au baada ya hapo unatakiwa uwe na kozi ya usalama wa uwindaji. Nguruwe pori kwenye ardhi ya mtu binafsi, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, tangu 1/9/2019 hawahitaji leseni, lakini kulungu leseni lazima. Na kila jimbo lina yake, Pennsylvania kwa miaka mingi imekataa semi-otomatiki kwa kulungu, Florida wanataka magazini (kibebeo cha risasi) isiyozidi risasi 5. Kubwa kuliko yote: kama uko hapa kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya taifa kwa kawaida inakukataza kushika bunduki na hata risasi zenyewe. Kuna misamaha, mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda, lakini ongea na mwanasheria kabla hujagusa chochote. Mwenye green card hilo katazo la viza halimhusu.

Haya, darubini. Usichukue bunduki ya kilo 3 ukaipandishia darubini kubwa ya kulengea maili nzima, umeharibu sababu ya kuinunua. Ya kukuza mara 2 mpaka 7, au 3-9x40 (mara 3 mpaka 9, lenzi ya milimita 40), inatosha sana kwa kulungu. Skrubu za ringi zinazoshika darubini kwa kawaida zinataka inchi-paundi 15 mpaka 18, soma kijitabu cha ringi zako, tumia spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), alafu weka alama ya rangi ya kucha kwenye kila skrubu ili ikisogea uone kwa macho. Darubini ikae mbali na jicho, sentimita 9 hivi, na uipime umevaa koti lile lile la kuwindia, kwa sababu koti nene linabadilisha jicho linapokaa na .308 nyepesi inaweza kukupasua nyusi.

Ukifika renji, yani uwanja wa kulenga shabaha, vaa vizibo vya masikio NA hedifoni za kuzuia sauti juu yake. Sauti inayopita desibeli 140 inaua masikio mara moja na .308 inapita hapo bila shida, hasa hii yenye breki mdomoni mwa mtutu. Masikio hayarudi jamani.

Anza yadi 25, usijipeleke 100 moja kwa moja ukaanza kutafuta risasi zimeenda wapi. Kwenye bunduki za mtindo huu darubini inakaa juu ya mtutu kama sentimita 6.5, kwa hiyo kama unataka ziro ya yadi 100 (risasi ipige pale pale unapolenga kwa umbali huo), pale 25 risasi ipige kama sentimita 4 CHINI ya ulipolenga, usiivute ikae katikati. Kliki moja ya kitasa cha darubini, ya robo MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), kwa yadi 100 ni kama milimita 7, na kwa 25 unahitaji kliki mara nne zaidi kwa umbali ule ule kwenye karatasi. Ukishaingia kwenye karatasi hamia 100.

Gunia la mchanga liwekwe chini ya hendigadi (kishikio cha mbele kinachozunguka mtutu), lisiguse mtutu wenyewe, na magazini isiegemee meza. Shika bunduki kwa nguvu ile ile kila risasi. Nyepesi haivumilii mkono unaobadilika, ukiilegeza inaruka na kundi la matundu linatawanyika, alafu mtu analaumu risasi.

Piga tatu, weka chini, bolti (chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia) wazi, subiri mpaka ushike mtutu bila kusikia joto. Hapa watu hawana subira kabisa, wanapiga 10 mfululizo, mtutu umechemka, risasi zinahama, wanaanza kuzungusha darubini kufuata joto. Na kundi moja la tatu linadanganya, kwa hiyo acha karatasi moja upige makundi kadhaa ya tatu tatu juu yake, alafu angalia katikati ya matundu yote. Pembeni weka karatasi nyingine ambayo kila ukija renji risasi ya kwanza kabisa, ya mtutu wa baridi, inapigwa pale peke yake, uandike tarehe. Hiyo karatasi ndo itakuambia ukweli wa bunduki yako kwa sababu mnyama anapigwa na risasi ile.

Sasa gesi. SFAR ina gesi bloku, yani kidhibiti cha gesi ya risasi inayosukuma bolti, yenye nafasi nne, na bunduki nyingi za siku hizi zina kitu kama hicho. Ikiwa haina risasi na imepoa, weka nafasi ya chini, alafu weka risasi MOJA tu kwenye magazini, piga. Bolti ikibaki nyuma, vizuri, rudia tena na tena. Isipobaki nyuma panda nafasi moja. Maganda yakirushwa kulia au kulia nyuma kidogo ni dalili nzuri, yakirushwa mbele kwa nguvu mara nyingi gesi imezidi na bega lako linalipa. Bunduki mpya pia inataka mafuta ya kutosha kwenye bolti, usiiendeshe kavu.

Risasi: nunua boksi moja moja za aina tofauti za kuwindia, grein 150 na 165 (uzito wa kichwa cha risasi) ndo za kuanzia, uone bunduki yako inapenda ipi. Semi-otomatiki inachagua. Mi nilikuta aina moja inapiga vizuri sana ila inakwama, nikaiacha, sikutaka mjadala. Ukiipata inayokubali nunua za kutosha za loti moja (zilizotengenezwa pamoja) na uzipitishe kwenye kila magazini utakayobeba, kila magazini ipewe namba.

Kitu kingine, ukipakia porini usiisindikize bolti polepole eti wanyama wasisikie. Iachie iende kwa nguvu ya springi yake, la sivyo haifungi sawasawa na utakuja kubonyeza triga isilie. Pakia mapema, mbali, weka sefti (kizuizi cha triga).

Ziro ikishakaa ondoka kwenye meza. Bandika sahani za karatasi, piga umekaa, umepiga goti, umeegemea mti. Umbali ambao huwezi kuweka risasi zote ndani ya sentimita 15 ukiwa umekaa chini, huo sio umbali wako, hata kama mezani ulipiga 200 vizuri. Ukiziro yadi 100, .308 kwa 200 inashuka kama inchi 4, kwa nguruwe wa vichakani hilo halisumbui.

Na ukisafiri mbali na gari mpaka ranchi, omba mwenyeji upige risasi moja ya kuhakiki kabla ya jua kuzama, mtutu wa baridi. Ikiwa ndani ya sentimita 3 za pale inapopiga siku zote, rudisha kifuniko cha kliki na usiguse tena.