Milima haijanizuia, breki ilinizuia

Mhariri, katika toleo la juma lililopita mliwauliza wasomaji: "Je, mkazi wa mji wa milima na mawe kama Mwanza anaweza kuendesha baiskeli kwa burudani, na aitunzeje ili idumu?" Nami nimezoea kutoka nyumbani Kirumba kila Jumamosi alfajiri na baiskeli isiyo na gia hata moja, kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, ila kwa masharti ambayo hayahusiani sana na milima.

Wanaosema Mwanza haifai kwa baiskeli huwa wameinua macho, wakazitazama nyumba zilizokaa juu ya majabali ya Igogo na Mabatini. Mtu anayeendesha kwa starehe halazimiki kupanda huko. Barabara zetu kubwa hupita mabondeni na kandokando ya ziwa, na ile ninayoipenda kuliko zote hutoka Kirumba, ikapita Pasiansi na uwanja wa ndege, kisha ikaelekea Igombe, ambako utakuta dagaa wameanikwa ufukweni na jua likianza kuwakausha. Anayeanza kujifunza au kurudia baada ya miaka mingi atazunguka kwanza Capri Point, kwa sababu magari huko ni machache na vivuli ni vingi. Kisesa nako kunavutia, hasa kwa anayetaka kufika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, lakini barabara ya Musoma ina malori mengi, na mimi siipiti baada ya saa mbili asubuhi.

Suala la saa lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo, ukiwapo, ni mwepesi na hutoka bara kwenda ziwani. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto na upepo hugeuka, ukaanza kuvuma kutoka ziwani kwa nguvu inayoongezeka hadi alasiri. Anayechelewa kuondoka hukutana nao usoni akiwa katika barabara ya wazi, kisha hurudi nyumbani akilaumu baiskeli.

Kuhusu matunzo, adui wa kwanza kwetu ni vumbi, na adui wa pili ni desturi ya kupaka mnyororo oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo ni nzito na tayari ina chembe za chuma, kwa hiyo hunasa mchanga na kuugeuza mnyororo kuwa msasa unaokula meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, kila unapokanyaga pedeli. Mimi huufuta mnyororo kwa kitambaa kikuukuu chenye mafuta ya taa, nikauacha ukauke kabisa, nikadondosha tone moja la oili safi nyepesi kwenye kila pingili, kisha nikafuta tena kwa nje, kwa kuwa oili inayohitajika ni ile iliyoingia ndani tu. Kujua kama mnyororo umekwisha hakuhitaji fundi, bali rula yenye alama za inchi. Kutoka pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, hivyo pini ya kwanza ikiwekwa kwenye sifuri, ya 25 inapaswa kuangukia inchi 12 kamili. Ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, nunua mnyororo mpya; ikipita kwa sehemu moja ya nane, jiandae kununua na friwili, kwa maana meno yake nayo yatakuwa yamekwisha kulika.

Sasa nije kwenye breki, ambayo ndiyo iliyowahi kuniweka nyumbani wiki tatu nikiwa na goti lililochubuka. Fundi mmoja wa kando ya barabara alinibadilishia raba za breki ya mbele, nami nikalipa bila kukagua. Kile kikombe kinachoshika raba kina upande uliozibwa na upande ulio wazi, na uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokwenda. Yeye alikiweka kinyume. Nilipokuwa nikiteremka kutoka Bugando nikabana breki, rimu ilizisukuma raba zote mbili nje, zikadondoka barabarani, na kilichonisimamisha ni fungu la mchanga wa mjenzi fulani, ambaye namshukuru hadi leo. Tangu siku hiyo sitoki kabla ya kuzitazama raba na kuibana breki nikiwa nimesimama. Wakati wa masika ongeza hadhari, kwa sababu rimu za chuma zikilowa hushika vibaya mno. Anza kubana kidogokidogo mapema ili raba zifute maji kabla hujazihitaji.

Safari ninayowapendekezea waliokwisha kuzoea ni Ukerewe. Panda meli na baiskeli yako hadi Nansio, kisha ufuate njia za vijijini, ambako baiskeli bado ni chombo cha kila mtu na dereva wa gari humtarajia mwendeshaji mbele yake. Beba pampu, viraka, gundi na kipande cha msasa. Safari yangu ya mwisho nilipata pancha mbele ya nyumba ambamo binti mmoja alikuwa akianika udaga wa muhogo. Aliniamkia, "Shikamoo baba," akaniletea karai la maji, nikaupitisha mpira humo hadi mapovu yalipoonyesha tundu. Nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikasubiri ikauke kidogo, nikabandika kiraka. Nilipoanza kuurudisha mpira ndani ya tairi, yule binti akaniuliza kwa upole, "Baba, na mwiba umeutoa?" Nilipitisha vidole ndani ya tairi, nikaukuta bado umesimama.