Jibu: Taa za tela zinachanganyikiwa ukikanyaga breki

Pole, mkuu. Umesema ukikanyaga breki taa za tela zinafifia na endiketa nazo zinawaka. Usinunue balbu, hiyo ni eathi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) mbovu. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia balbu nyingine.

Funga waya mrefu kwenye hasi ya betri, ncha ya pili gusa eathi ya taa ya nyuma. Taa zikiwaka vizuri, umeupata ugonjwa wake. Mwenye mita ya umeme apime kati ya pointi hizo hizo taa zikiwaka, kabla ya kuweka waya huo: ikizidi nusu volti, kuna kutu au kizuizi kingine mahali.

Kwangu shida ilikuwa bolti moja tu ya eathi. Kwa nje imekaza kabisa, kumbe chini yake fundi alipaka rangi kwenye chasisi ndipo akafunga. Niliikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya, nikapaka grisi juu.

Usitegemee maungio ya tela (vyuma vinavyolishika kwenye gari) kurudisha umeme, grisi yake inazuia. Vuta waya mweupe kutoka kila taa hadi pini namba 1 ya soketi ya pini 7 (lori la volti 24). Na tafadhali usitoke usiku kabla hujamaliza, anayekuja nyuma hakuoni.