Urujuani wa Usambara chini ya tyubulaiti

Kwa miaka miwili nilikuwa nanunua maua ya vyungu na yote yananifia. Nanunua mche kwa wauza maua wa kando ya barabara, naufikisha nyumbani Ngamiani, hapa Tanga, umenawiri, naufuta vumbi, naumwagilia. Baada ya wiki sita hivi unaanza kurefuka na kuinama upande mmoja, majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka. Mimi nikiona vile nadhani una kiu, naongeza maji. Wiki mbili mbele, ukiushika shina unakuja mkononi, mizizi imeoza. Waja leo waondoka leo, ndivyo mji wetu unavyosemwa, na mimea yangu ikawa ya namna hiyo hiyo.

Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele, ukumbi unaoikata nyumba katikati, vyumba kulia na kushoto, uani nyuma. Chumba changu ni cha tatu. Dirisha lake linatazama uchochoro, na ng'ambo ya uchochoro jirani amepandisha ghorofa. Saa saba ya mchana, jua la Tanga likiwa kichwani, humu ndani unahitaji taa ili utunge uzi kwenye sindano. Kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo tyubulaiti ya juu ya meza ya kukatia inawaka tangu asubuhi hadi nimalize kazi usiku.

Siku moja nilinunua vyungu viwili vya ua lile dogo lenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau, ambalo wauza miche wanaliita vayoleti, ndilo urujuani wa Usambara. Kimoja nikakiweka dirishani, kwa kuwa kila mtu husema ua liwekwe dirishani. Cha pili sikuwa na pa kukiweka, nikakipandisha juu ya rafu ya vitambaa, shubiri moja na nusu chini ya tyubulaiti. Udongo ule ule, maji yale yale, siku zile zile. Miezi miwili baadaye cha dirishani kilikuwa kimenyoosha vikonyo virefu vyembamba bila ua hata moja. Cha juu ya rafu kilikuwa kimekaa duara kama sahani, na katikati yake nikahesabu maua kumi na moja.

Tangu siku hiyo niliacha kuuliza mmea unataka maji kiasi gani kabla sijauliza unapata nuru kiasi gani. Mmea hujitengenezea sukari kutokana na maji, hewa na nuru. Nuru ikipungua, mapishi yanasimama na maji yanabaki kwenye udongo bila mnywaji, na mizizi inakaa tope mpaka ioze. Wengi wetu tunaozika mimea ya ndani tunadhani tumeinyima maji. Tumeinyima mwanga.

Tatizo ni kwamba macho yetu si kipimo. Mboni hupanuka gizani na kubana juani, hivyo chumba kinaonekana "kina mwanga wa kutosha" wakati mmea unakufa njaa. Siku hizi simu nyingi unaweza kuziwekea programu ya kupima mwanga kwa lux. Si sahihi sana, lakini inatosha kukushtua. Uani jua la saa sita linafika karibu lux laki moja. Katikati ya chumba changu, taa ya dari ikiwa inawaka, sikupata hata mia mbili. Ua hili linataka elfu tano hadi elfu kumi hivi kwa saa nyingi za siku ili lichanue vizuri. Kama huna simu ya namna hiyo, nyoosha kiganja juu ya majani, kiasi cha futi moja. Kivuli kikikatika vizuri, kingo zake zinaonekana, mwanga ni mkali. Kikiwa na ukungu ukungu, ni wa wastani. Usipokiona kabisa, hapo mahali pa kuweka picha ya ukutani, mmea utafute kwingine.

Sasa kuhusu umbali, maana hapa ndipo nimeona watu wakipoteza fedha. Mtu ananunua balbu kubwa ya bei, anaifunga darini, chungu kiko chini juu ya stuli, halafu anasema taa hazifai. Mwanga wa balbu moja unasambaa kadiri unavyoenda mbali: ukiongeza umbali mara mbili, mmea unapata robo tu ya ule wa mwanzo. Ukiongeza mara tatu, unapata sehemu moja ya tisa. Tyubulaiti ndefu haipungui kwa kasi hiyo ukiwa karibu nayo, ndiyo maana mimi naipenda kuliko balbu, lakini nayo inataka kushushwa. Kwa vayoleti, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye majani. Kwa ile wanayoiita sneki planti, au ile yenye majani mazito yanayong'aa ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na dunia inaiita kito cha Zanzibar, unaweza kwenda hadi nusu mita na zaidi, hizo ni mimea ya kuvumilia. Mrehani, nanaa na mshubiri usihangaike nazo chumbani. Zinataka jua lenyewe, zipeleke uani.

Rafu yangu ni ya mbao, ngazi mbili, fundi seremala wa mtaani alinitengenezea kutokana na mabaki ya kitanda. Chini ya kila ubao nimefunga tyubulaiti ya LED ya futi mbili. Ukuta wa nyuma nimeupaka chokaa. Usiudharau ukuta mweupe: mwanga uliokuwa unapotea pembeni unarudi kwenye majani, na chokaa ni rahisi kuliko taa ya pili.

Usinunue balbu zile za zamani za waya kwa kazi hii. Sehemu kubwa sana ya umeme wake inageuka joto. Mwezi wa pili, Tanga inapochemka, niliwahi kuisogeza balbu ya wati 100 karibu na chungu ili "kiongezewe nguvu", na kufikia jioni majani yalikuwa na mabaka ya kahawia yaliyokauka. Mche ule haukupona. LED nayo ina joto lake, lakini ni dogo. Weka mkono pale majani yalipo kwa dakika moja, ukihisi ujoto, inua taa.

Kuna taa za mwanga wa zambarau zinazouzwa kwa bei ya juu na kusifiwa kuwa ndizo za mimea. Ni kweli kwamba majani hufyonza zaidi nyekundu na buluu, na taa hizo zimetengenezwa kwa hesabu hiyo. Lakini mwanga mweupe una nyekundu na buluu ndani yake. Tyubulaiti nyeupe ya kawaida, iliyoandikwa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 hadi 6500 kwenye boksi, inakuza ua bila shida, na mimi ninayeshona chini ya taa hiyo hiyo siwezi kukaa kutwa nzima kwenye zambarau, siwezi hata kuoanisha rangi ya uzi na kitambaa. Dukani usiulize wati peke yake. Angalia lumeni kwenye boksi: wati ni umeme unaoliwa, lumeni ni mwanga unaotoka.

Muda gani? Tanga tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni takriban saa 12 mwaka mzima, na mimea ya huku imezoea hivyo. Kwa kuwa taa ni dhaifu kuliko jua, mimi nawasha saa 13, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Usiwashe usiku kucha ukidhani unaongeza kasi. Vayoleti inahitaji giza la saa nane angalau ndipo ichanue vizuri. Nilinunua taima ya kuchomeka kwenye soketi, na hiyo imeniondolea usumbufu wote wa kukumbuka. Umeme ukikatika siku moja au mbili, usitaharuki. Mmea hautakufa, na wala usiufidie kwa kuwasha hadi alfajiri.

Gharama watu wananiuliza kila mara. Tyubu mbili za wati 9 ni wati 18. Zikiwaka saa 13 kwa siku, kwa mwezi ni uniti 7 hivi. Ukinunua Luku ya elfu kumi unapata uniti kama 28 kwa mtumiaji wa kawaida, kwa hiyo rafu nzima ya vyungu vinane inanilia kama 2,500 kwa mwezi. Ukiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo utalipa kidogo kuliko hapo, ila angalia usije ukavuka kiwango chako.

Kuhusu usalama nitasema kwa ukali kidogo. Maji na umeme viko karibu kwenye kazi hii. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya vyungu. Ipachike ukutani juu ya usawa wa maji, na uache waya ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone likiteleza lidondoke chini badala ya kuingia tunduni. Zima kabla ya kumwagilia. Tena sisi tuko pwani: hewa ya chumvi inaingia kwenye soketi na kula vyuma polepole. Ukiona soketi inapata moto au inatoa mlio, mwite fundi umeme siku hiyo hiyo.

Kwa nini nimeng'ang'ania ua hili moja? Kwa sababu ni la kwetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona huku Usambara akapeleka kwa baba yake Ujerumani. Mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalielezea mwaka 1893 na kulipa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka huo huo 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta huku kwetu miche ya mkonge. Kilichoingia tukakilima hadi kikatupa jina; kilichotoka wengi wetu hatukujua kama kilikuwa chetu. Ulaya na Marekani wamezalisha maelfu ya aina zake, nyeupe, waridi, zenye petali mbilimbili, na watu wa nchi za baridi wanalikuza vyumbani chini ya tyubulaiti miaka nenda miaka rudi. Nami nalikuza kwa taa katika mji usio mbali na milima yake. Nikilitazama najisikia kama nimempokea ndugu aliyekaa ughaibuni.

Asili yake ndiyo inayoeleza tabia yake. Porini hujishika kwenye miamba ya kivulini, kando ya vijito, nuru ikilifikia kwa kupenya kwenye miti. Ndiyo maana jua la alasiri barazani linalichoma kwa siku chache, na giza la chumbani linalinyong'onyeza. Taa inatupa ule wastani wa msituni. Majani yakisimama juu kama yanaomba, ongeza mwanga. Yakijikunja kuelekea chini, yakapauka, katikati yakabana kama ngumi, punguza. Maji yape kwa chini, weka chungu kwenye sahani ya maji nusu saa kisha mwaga yaliyobaki. Tone la maji baridi juu ya jani huacha doa lisilofutika.

Ombi moja: ukipanda Amani, kule milimani Usambara, kutembea, ukaliona kwenye mwamba, liache. Msitu unapokatwa ndipo makazi yake yanapokwisha, na aina kadhaa za porini ziko hatarini. Tena la porini halipendi chungu kama yale yaliyozalishwa kwenye vitalu. Na huhitaji hata kununua: jani moja linatosha. Kata jani zima lenye kikonyo, kikonyo ukikate mshazari kiasi cha sentimita tatu, lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, unyevu tu usiwe tope, funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka chini ya taa. Mizizi huchukua kama mwezi. Vichipukizi vinahitaji mwezi mwingine au zaidi, kwa hiyo usilichimbue kila siku kuangalia.

Bibi wa nyumba ya pili alipita akaona mwanga umetoka dirishani kwangu hali nimeshafunga kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hilo ua walilisha taa?"

"Ndiyo bibi, humu jua haliingii."

"Hata kwangu haliingii, tangu walipojenga hilo ghorofa. Nipe jani."

Nikampa mawili. Mjukuu wake akamfungia tyubu fupi ukumbini, juu ya kabati la vyombo, mimi nikaenda kupima umbali kwa utepe wangu wa kushonea: sentimita 25. Hiyo ilikuwa wiki tisa zilizopita. Jana baada ya alasiri akaniita nikaone. Pembeni ya jani la kwanza vimechomoza vijani vitatu, vidogo kama punje za choroko, na la pili bado.