Mkuu, toa hayo majani ya parachichi bandani sasa hivi

Kabla hujamaliza kusoma, nenda bandani utoe kila jani la parachichi ulilomwekea huyo mama sungura, hata yale yaliyonasa kwenye wavu. Halafu rudi tuongee.

Umesema sungura wako amezaa watoto 7 Jumapili, humwoni akinyonyesha, na jirani amekushauri umpe majani ya parachichi na uwatu ili maziwa yashuke. Umeuliza pia dawa ya upele wa masikioni na lini umrudishe kwa dume. Mimi nimeishia hapo kwenye parachichi, moyo umenipiga paa. Unakwenda kule kule nilikotoka nikilia.

Nafuga Rungwe. Huku parachichi hulitafuti, linakutafuta lenyewe. Mwaka 2021 tulipogolea miti ya Hass baada ya mavuno, majani yakajaa lundo nyuma ya nyumba. Nilikuwa na majike wawili waliozaa wiki moja, watoto 13 kwa jumla. Kuna muuza dawa za mifugo nilikuwa namwamini sana, akaniambia: "Watu wanachemsha majani ya parachichi wanakunywa, damu inaongezeka. Damu ikiongezeka na maziwa yanaongezeka. Wape washibe." Nikaona ana hoja, maana hata mama yangu mzazi huyachemsha hayo majani. Jioni ile nikawajazia. Mnyama anayenyonyesha ana njaa ya ajabu, walikula mpaka vijiti.

Kesho yake asubuhi nafunua kisanduku cha kuzalia, watoto wanalia na kupapasana. Matumbo yamenywea, ngozi imejikunja kama kidole kilichokaa majini. Nikamgeuza mama mmoja: chuchu zimevimba, ngumu, zina moto, ukimgusa anaruka. Nikaminya kidogo, kikatoka kimaji chenye vibonge vyeupe.

Nikampigia yule bwana. Akasema, "Dawa bado haijakolea, ongeza."

NIKAONGEZA. Hilo ndilo kosa lenyewe, mkuu, hilo la pili. Jioni ya kwanza sikujua. Asubuhi ile nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba maziwa yamekauka baada ya hayo majani, nikaacha nilichokiona nikafuata sauti ya simu. Siku ya tatu jike mmoja alikuwa amejikunyata pembeni, anahema kwa nguvu mbavu zinapanda na kushuka, hakufika jioni. Watoto 13 walibaki 3, nao ni kwa sababu jirani alikuwa na jike aliyezaa siku zile zile akakubali kuwapokea. Tuliwasugua kwanza kwa manyoya ya kiota cha yule mama mlezi ili asiwakatae.

Daktari wa mifugo alipokuja ndipo nikasikia neno persini. Ni sumu iliyomo kwenye parachichi, na majani yanayo zaidi kuliko nyama ya tunda. Inashambulia tezi zinazotengeneza maziwa, chembe hai zake zinakufa, kiwele kinavimba bila hata ya vijidudu. Ikizidi inakwenda kwenye misuli ya moyo. Mbuzi, ng'ombe na farasi nao inawadhuru. Yaani katika majani yote ya Rungwe nilichagua lile linaloua maziwa, nikalitoa kama dawa ya maziwa! Yule bwana nilipomfuata dukani akasema labda sungura wangu walikuwa dhaifu. Mpaka leo anauza, na mpaka leo anashauri watu. Mtu akikupa dawa halafu hawezi kukwambia inafanyaje kazi ndani ya sungura, si ndani ya binadamu, msikilize kwa heshima kisha usifanye.

Kanuni yangu ni moja: jani ambalo sungura wako hakulizoea kabla ya kushika mimba, asilile mpaka aachishe watoto. La parachichi asilile maisha yake yote. Uwatu nao pima kwa kanuni hiyo hiyo. Hata jani zuri, likiwa geni na likaja kwa wingi wiki ya kuzaa, linaweza kumharisha, na mama anayeharisha hana maziwa.

Tena huenda huyo mama sungura hana shida yoyote. Sungura hakai juu ya watoto kama kuku. Ananyonyesha mara moja kwa siku, wakati mwingine mbili, dakika tatu nne tu, mara nyingi usiku au alfajiri. Ndiyo maana humwoni. Angalia watoto: aliyenyonya tumbo lake limejaa, limenyooka, na unaona weupe wa maziwa kupitia ngozi. Ukiona hivyo, muache mama wa watu apumzike.

Ukikuta yamenywea, anza na maji kabla ya jani lolote. Mama mwenye watoto saba anaweza kunywa zaidi ya lita moja kwa siku, na wengi tunamwekea kikopo cha nusu lita kinachokauka saa sita mchana. Weka chombo kikubwa, kisafi, kisikauke usiku. Ongeza chakula chake kile kile kidogo kidogo, nyasi kavu zisikosekane. Matembele, mchunga na mlonge ni majani mazuri kama alishayazoea, mlonge una protini nyingi, mimi nawapa wangu tangu wakiwa wadogo, nikiyaacha kwanza yanyauke kivulini. Chuchu zikiwa ngumu na zenye moto, usiminye wala usikande, ita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Na ikiwa alishakula hayo majani jana, tafuta leo leo jike mwingine aliyezaa siku hizo hizo. Kesho alfajiri shika tochi, funua kisanduku, tazama matumbo yote saba, uniandikie hapa umeona nini. Nitakuwa macho.