Maswali ya Wasomaji: Diski za John Cazale

Swali: Nataka filamu zote za John Cazale, yule Fredo wa The Godfather. Nianzie wapi?

Jibu: Ndefu ziko 5 tu. Anza na hiyohiyo (1972): mtazame anavyobabaika hadi bastola inamponyoka, baba yake akipigwa risasi. Fuatisha The Conversation na The Godfather Part II (zote 1974), Dog Day Afternoon (1975), kisha The Deer Hunter, iliyotoka 1978 akiwa ameshafariki.

Kabla ya kulipa, geuza kasha usome namba ya eneo. DVD za Marekani ni 1, deki za Kenya na Tanzania 5. Zisipolingana, diski inagoma. Diski za 4K, zenye picha kali zaidi, hazina kizuizi hicho. DVD ya PAL (mfumo wa video wa Ulaya na Afrika Mashariki) huikimbiza filamu kwa asilimia 4 zaidi: dakika 125 zinakuwa 120, na sauti hupanda kidogo. Kwa mwigizaji mpole kama huyu, hilo linaudhi.