"Mwanangu anakula saa nne usiku"

SWALI: Kaka, assalaam alaykum. Kijana wangu kapata nafasi ya kusoma Valencia, Hispania, na sasa ana wiki ya tatu. Kila nikimpigia kabla sijalala, bado hajala. Juzi kala saa nne kasorobo usiku! Cha mchana nacho ni saa nane na nusu. Huku kwetu saa mbili usiku vyombo vimeshaoshwa. Naogopa vidonda vya tumbo, na zaidi naogopa nguruwe. Nimwambieje?
Mama Mwanafunzi, Makorora, Tanga

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Mtoto hajaharibika. Mimi ni wa Ngamiani, na nilisoma mji huohuo. Jioni ya kwanza nililala na njaa huku pesa ninazo mfukoni. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu kutafuta sahani ya wali. Mkahawa wa kwanza, viti vimepandishwa juu ya meza. Wa pili, mhudumu akanipa kahawa, kisha akanionyesha jikoni: giza. Majiko mengi kule hufungwa kama saa kumi alasiri, yakawashwa tena saa mbili au mbili na nusu usiku. Nikarudi chumbani na pakiti ya biskuti.

Nikawaona wavivu, mpaka nilipotazama nyakati za swala. Mwezi Juni, adhuhuri ya Valencia inaingia saa nane na dakika chache! Yetu Tanga ni saa sita na nusu hivi. Mji ule uko karibu kabisa na mstari wa Greenwich, ule unaopita London, kwa hiyo saa yake ingefaa iwe ya Uingereza, lakini mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, ilisogeza saa mbele ilingane na ya Ujerumani, na haikurudishwa tena. Kiangazi wanaongeza saa nyingine juu yake. Kwa hiyo anayekula saa nane anakula jua likiwa utosini, kama wewe unavyopakua ukishaswali. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, na magharibi iliingia karibu saa tatu na nusu usiku. Futari yangu na chakula cha usiku cha mama mwenye nyumba vilikaa meza moja. (Usiku wa baridi hoja yangu inalegea, nakiri. Giza linaingia mapema nao bado hawali.)

Tumbo halikai tupu lakini. Saa nne asubuhi kuna mkate mrefu uliojazwa vitu, na karanga na zeituni pembeni. Saa kumi na moja jioni kuna kitu kitamu na kahawa. Asiviruke hivyo. Mlo mkubwa ni wa mchana, usiku ni chepesi tu, mara nyingi tortilla, yaani viazi na mayai. Kwetu tungeiita zege, ila viazi vyao vinaiva polepole kwenye mafuta ya zeituni, kisha inageuzwa kwa sahani.

Kuhusu nguruwe, hofu yako ina msingi. Niliagiza njegere "bila nyama", zikaja na vipande vyekundu vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Kwao hicho ni kiungo, wala hakihesabiwi nyama! Aulize kila mara: "¿Lleva cerdo?", yaani kuna nguruwe ndani? Achunge pia neno manteca kwenye vitafunwa, maana mara nyingi ni mafuta ya nguruwe. Bucha za halali zipo, waulize Wamoroko.

Lakini Jumapili ndiyo utamu. Paella ya Valencia ni wali wa zafarani, kuku, sungura na maharage, kwenye karai pana lisilo na kina. Nilishika mwiko nikoroge, mama mwenye nyumba akanichapa kibao cha mkono. Haikorogwi. Inaachwa ishike chini, na hicho kilichoshika, wao wanakiita socarrat, ni ukoko, dada, ukoko uleule! Tulizunguka karai kama sinia, kila mtu na kijiko cha mti, akila mbele yake. Ukoko ulipofikiwa, adabu ikaisha, mikono ikavuka mipaka.

Basi Jumapili usimpigie kabla ya magharibi ya huku. Hatapokea.